Makumbusho Bila Jengo: Namna ya Kuiweka Ulyankulu Mtandaoni

Kuna kiti cha enzi cha Kinyamwezi kilichotoka Buruku, Unyanyembe, ambacho leo kiko Berlin. Kimechongwa kwa gogo moja, na kwenye egemeo lake refu fundi amechonga umbo la mtu. Mkazi wa Tabora anayetaka kukiona anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege. Au anahitaji simu yenye bando.

Mwongozo huu ni wa huyo mwenye simu: mwalimu wa sekondari, kijana wa kwaya, mjukuu anayeishi na bibi yake mwenye makapu matano ukutani. Utakuonyesha namna ya kuvitazama vitu vyetu vilivyo mbali, kisha namna ya kuviweka mtandaoni vilivyo karibu. Sehemu ya pili ndiyo ndefu, kwa sababu ndiyo inayosubiri watu wa hapa. Berlin wana wapiga picha wao.

Kwa nini ujisumbue

Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940. Kutoka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na kutoka Ulyankulu, huku Kaliua, unaanza kwanza kuitafuta hiyo Tabora. Mkoani kwetu lipo Tembe la Livingstone pale Kwihara, nyumba ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na ni pahali pazuri pa kupeleka darasa. Ulyankulu penyewe hapana jengo la namna hiyo.

Vitu vyenyewe lakini vipo. Hii ilikuwa nchi ya Mirambo, mtemi aliyebana njia ya misafara kati ya Unyanyembe na Ujiji hadi alipofariki Desemba 1884. Vigoda, mikuki, mizinga ya magome na manyanga ya ngoma vimebaki kwenye nyumba za Wanyamwezi. Kisha mwaka 1972 wakaja watu kutoka Burundi wakikimbia mauaji, wakagawiwa mashamba hapa Ulyankulu kwenye barabara zenye namba. Redio nchi nzima inaijua Barabara ya 13 kwa sababu ya kwaya yake. Walikuja na kazi za mikono yao: kusuka vikapu vya mfuniko, kupiga inanga (ala ya nyuzi), kuwamba ngoma kubwa. Mwaka 2014 wakimbizi hao wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, zaidi ya 162,000 kwa jumla, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Tangu hapo vikapu vile navyo ni sanaa ya taifa hili, ingawa sijaona kitabu cha shule kinachosema hivyo.

Wenzetu wameshatangulia. Mradi wa Kenya wa kuorodhesha vitu vyake vilivyo ughaibuni ulikusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 32,000 kutoka makumbusho ya Ulaya na Marekani. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalipimwa kwa mionzi, na tangu Januari 2020 mtu yeyote anaweza kuyazunguka kwenye tovuti ya Google Arts & Culture. Kuna pia habari ya shajara ya Livingstone ya mwaka 1871. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya mti, na maandishi yakafifia hata hayasomeki. Wataalamu waliipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 ikawekwa mtandaoni bure. Mtoto wa Kwihara leo anaweza kusoma kurasa ambazo kwa miaka mia moja na zaidi hata mabingwa wa London hawakuweza kuzisoma.

Anza kama mgeni: kuvitafuta vitu vyetu huko nje

Fanya hivi kwanza, walau kwa jioni moja. Ukijua makumbusho mazuri ya mtandaoni yanafananaje, utajua pia yanakosea wapi.

1. Fungua katalogi ya mtandaoni ya makumbusho ya serikali ya Berlin, au ya British Museum ya London. Zote ni bure.
2. Tafuta kwa tahajia za zamani. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaandika "Mnyamwezi" wanaambulia patupu. Mjerumani wa mwaka 1895 aliandika *Unjamwesi*. Jaribu hilo, kisha *Nyamwezi*, *Tabora*, *Urambo*, *Unyanyembe*, na *Deutsch-Ostafrika*.
3. Ukipata kitu, nakili namba yake ya usajili. Picha inaweza kuhamishwa, ila namba haibadiliki.
4. Soma maelezo uone nini kimekosekana. Mara nyingi utakuta jina la mwanajeshi aliyekichukua na mwaka kilipoingia makumbusho. Jina la fundi aliyekichonga halipo.
5. Ukiona kosa, waandikie. Taja namba, sema kosa ni nini, na eleza wewe umejuaje. Makumbusho mengi yana anwani ya barua pepe kwa shughuli hiyo.

Hatua ya nne ibaki kichwani mwako, maana kosa lile lile tunalifanya wenyewe kila siku kwenye simu zetu.

Daftari kabla ya kamera

Mara ya kwanza nilipojaribu kazi hii nilikwenda na pupa. Siku moja, nyumba tisa, picha zaidi ya mia mbili. Jioni nikakaa chini ya taa kuzipanga, nikakuta vinu vitatu vinavyofanana, na sikuweza kusema kipi ni cha nani. Kimojawapo kilikuwa na habari nzuri sana: kilibebwa kichwani njia yote kutoka Burundi. Hadi leo sijui ni kipi kati ya vile vitatu, na mama aliyenisimulia amekwisha kuhama.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: hakuna picha kabla ya lebo. Lebo ni yale maelezo mafupi yanayokaa chini ya kitu makumbusho, na bila hayo una picha ya kinu tu, kama vinu vyote duniani.

> SANDUKU: LEBO INAYOTOSHA (mfano)
> Namba: ULY-0007
> Jina: kikapu cha mfuniko, mwenyewe anakiita *igiseke*
> Kimetengenezwa na: mama wa mwenye kikapu (jina lake, kama familia imekubali)
> Lini na wapi: Ulyankulu, baada ya kufika 1972, mwaka kamili haukumbukwi
> Kwa kitu gani: nyasi, na nyuzi zilizofumuliwa kwenye gunia
> Vipimo: urefu sm 31, upana wa kitako sm 18
> Kilitumika: kupelekea unga na zawadi arusini
> Msimulizi na tarehe: (daftarini)
> Ruhusa: picha ndiyo, jina la ukoo ndiyo, picha ya uso hapana

Ona mstari wa nyuzi za gunia. Huo ndio utamu wa lebo yote. Mafundi waliofika ugenini walilazimika kutumia vifaa vya hapa, na ubunifu wao umo katika mabadiliko hayo. Kwa hiyo usiishie kuuliza "Hii ni nini?" Uliza "Kule nyumbani mlitumia nini, na hapa mkatumia nini?" Burundi gogo la ngoma kubwa hutolewa kwenye mti uitwao *umuvugangoma*. Mwulize mpiga ngoma wa Ulyankulu gogo lake alilitoa mti gani, na nani alimwonyesha mti huo. Huenda jibu likakupeleka kwa jirani wa Kinyamwezi, na hapo makumbusho yako yamepata kitu ambacho Berlin hawanacho.

Jina la kitu liandike kama mwenyewe anavyolitamka, Kinyamwezi au Kirundi, kisha Kiswahili. Usimsahihishe.

Kubisha hodi

Usiingie nyumba ya mtu na simu imeinuliwa. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, ueleze shughuli yako. Afisa utamaduni wa halmashauri ya Kaliua naye apate barua, hata ya ukurasa mmoja. Halafu nenda kwa mwenye kitu. "Shikamoo" inatosha popote, ila ukiweza kusema *mwangaluka* kwa mzee wa Kinyamwezi au *mwaramutse* kwa bibi wa Kirundi asubuhi, utaona kiti kinaletwa.

Ruhusa iwe ya mambo matatu tofauti, na uyaulize moja moja:

1. Naweza kukipiga picha?
2. Naweza kuiweka picha mahali ambapo mtu yeyote duniani ataiona?
3. Naweza kutaja jina lako, au la mama yako, au la ukoo?

Swali la pili ndilo wazee wengi hawalielewi kwa maneno matupu. Mwonyeshe. Fungua simu, mwonyeshe kile kiti cha Berlin, mwambie: "Bibi, hivi ndivyo kikapu chako kitakavyoonekana, na mtu wa Ulaya atakiona kama wewe unavyokiona hiki." Bibi mmoja alikitazama kiti kile kwa muda, akaniuliza, "Na wenyewe wanajua kwamba kiko huko?" Kisha akaniruhusu kukipiga picha kikapu, akakataza jina lake. Akikataa, funga daftari, kunywa maji uliyopewa, shukuru.

> ONYO: VITU VYA KUACHA
> • Vitu vya tambiko, vya mizimu na vya waganga. Hata kijana wa nyumba akiruhusu, mwenye kauli ni mzee wa ukoo. Wacheza nyoka wa uyeye wana dawa zao na siri zao. Picha ya uwanjani inatosha.
> • Kadi za ukimbizi, vyeti vya uraia, barua za familia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika hapa, na hata isingekuwepo, karatasi hizo zina majina na namba za watu walio hai.
> • Nyuso za watoto bila idhini ya mzazi.
> • Ramani ya nyumba. Kuna wanunuzi wanaozunguka vijijini wakitafuta vitu vya kale kwa bei ya soda. Zima huduma ya eneo kwenye kamera ya simu yako, maana picha hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Kwenye lebo ya hadharani andika "Ulyankulu", basi. Namba ya barabara ibaki daftarini.

Kupiga picha: kigoda kwa mfano

Chukua kigoda cha Kinyamwezi cha gogo moja. Kimekaliwa miaka sitini, kimekuwa cheusi cha kung'aa kwa moshi na jasho. Mwenye nyumba atataka kukipendezesha kwanza, akisugue kwa majivu au akipake mafuta. Mzuie kwa heshima. Weusi ule ndio umri wake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usiende zaidi ya hapo.

1. Kivuli. Jua la Tabora la saa sita hukata kitu vipande viwili, cheupe na cheusi. Piga kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kwenye kivuli chepesi cha nyumba au chini ya mwembe, na usitumie mwako wa simu.
2. Mandhari. Tandika shuka la rangi moja, kijivu au krimu, lipande ukutani nyuma ya kitu. Khanga ni nzuri lakini maua yake yatashindana na kigoda, na jina la khanga litasomwa na kila mtu.
3. Rula. Weka rula ya mwanafunzi pembeni katika picha moja. Watu huweka sarafu, na mtu wa nchi nyingine hajui sarafu yetu ina ukubwa gani.
4. Pande sita. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, na chini. Kigeuze! Chini ndiko kusikokaliwa wala kusuguliwa, na ndiko utakakokuta alama za tezo kama magamba ya samaki. Fundi akiziona atakuambia mchongaji alianza upande gani.
5. Karibu. Picha moja ya sehemu iliyokarabatiwa, iliyopasuka au iliyotobolewa. Ufa uliofungwa kwa waya ni habari nzuri.
6. Namba. Picha ya mwisho iwe ya kipande cha karatasi chenye namba ya lebo, kikiwa kando ya kigoda. Ningefanya hivyo tangu mwanzo, kile kinu kingejulikana.

Picha za kuzunguka, zile za kumwezesha mtazamaji kukigeuza kitu kwa kidole, zinapendeza. Zinataka picha kadhaa za kila upande, programu maalumu na bando la kutosha kumfilisi mtu. Ziache kwanza.

Kwa ngoma na inanga, rekodi sauti. Simama hatua kumi kutoka kwenye ngoma, maana kipaza sauti cha simu kikikaribia mno hukwaruza. Inanga ni kinyume chake: kaa karibu, nyamazisha kuku. Nyimbo za kwaya zina wenyewe. Ukitaka kuweka wimbo wa Barabara ya 13 au kwaya nyingine yoyote, omba ruhusa ya viongozi wake kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inawalinda, na ndivyo inavyopaswa.

Kuhifadhi na kupandisha

Picha moja ya simu ya leo hula MB 3 hadi 5. Picha hamsini ni kama MB 200, na mtazamaji wako wa Kaliua hana bando la kuchezea. Kwa hiyo kila picha iwe na nakala mbili: ile ya asili, usiyoigusa, na ndogo ya KB 200 hivi kwa kutazamia. Hamsini ndogo ni MB 10, na hizo zinafunguka hata mtandao unapojikongoja.

Nakala za asili zikae sehemu mbili ambazo haziwezi kuungua pamoja: memori kadi kwako na flashi shuleni, kwa mfano. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha programu huibana na ubora unapotea.

Mahali pa kuweka, kwa maoni yangu, ni hapa kwa mpangilio huu:

1. Wikimedia Commons. Ni bure, haina matangazo, na picha zake hutumika kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Lakini elewa masharti kabla ya kubonyeza: unampa kila mtu ruhusa ya kuitumia picha, hata kwa biashara, na ruhusa hiyo hairudishwi. Mtu akiichapa kwenye fulana akauza, utakaa kimya. Mweleze hivyo mwenye kitu. Na kazi ya msanii aliye hai usiiweke huko ila yeye mwenyewe akubali kwa maandishi.
2. Internet Archive, kwa sauti na masimulizi marefu.
3. Ukurasa wa shule au kikundi kwenye mitandao ya kijamii. Unafaa kwa kutangaza. Usiufanye ghala, maana siku akaunti ikifungwa au nywila ikisahauliwa, kila kitu kimekwenda.

Google Arts & Culture hufanya kazi na taasisi, si na mtu mmoja mmoja; huko utafika kupitia makumbusho yaliyosajiliwa. Na ukifikiria kufungua blogu au televisheni yako ya mtandaoni, uliza kwanza Mamlaka ya Mawasiliano kama unahitaji leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020. Usitegemee ushauri wa rafiki.

Rudisha kwa wenyewe

Makumbusho ya mtandaoni yana kasoro moja ambayo wanaoyasifu hawaisemi: bibi mwenye kikapu ana simu ya batani. Dunia itamwona, yeye hatajiona. Kwa hiyo weka picha na sauti kwenye flashi, zungumza na mwenye kibanda umiza, akupe saa moja kabla ya mpira. Panga picha thelathini, kila moja na lebo yake isomwe kwa sauti. Acha watu wabishane. Usiku kama huo utapata masahihisho mengi kuliko utakayopata mtandaoni mwaka mzima: "Hicho si cha kupelekea unga, ni cha mbegu!" Kuwa na daftari mkononi, na mtu wa pili wa kuandika, maana wewe utakuwa unashika waya wa umeme usichomoke.

> KABLA YA KUBONYEZA "PAKIA"
> ☐ Namba ya lebo na ya picha zinalingana
> ☐ Ruhusa tatu zimejibiwa, zimeandikwa tarehe
> ☐ Huduma ya eneo ilizimwa
> ☐ Hakuna uso, karatasi wala namba ya simu nyuma ya kitu
> ☐ Jina la fundi lipo, au imeandikwa wazi kwamba halikumbukwi
> ☐ Nakala za asili ziko sehemu mbili
> ☐ Mwenye kitu ameiona picha

Makosa niliyoyaona zaidi ya mara moja

Kuanza na nembo, jina la mradi na fulana, kisha picha sita. Kuandika lebo kwa Kiingereza peke yake ili wageni waelewe, hata mtoto wa mwenye kinu asielewe. Kuandika "cha kale sana" pasipo mwaka wala kizazi. Afadhali "babu yake alikikuta". Kuvipanga vitu kwa makabila kama kabati la mkoloni, wakati mzinga wa Mnyamwezi umefungwa kwa kamba aliyosokota Mrundi na unatumiwa na Msukuma. Na kuahirisha hadi ipatikane kamera nzuri.

Vitu ishirini vyenye lebo kamili vinatosha kuanzia, na wanafunzi wanne wenye simu moja wanaweza kuvimaliza kwa Jumamosi chache. Mkiwa mnachagua nyumba ya kwanza, tazameni umri wa mtu kabla ya uzuri wa kitu. Aliyefika hapa 1972 akiwa kijana wa miaka ishirini sasa amepita sabini. Nendeni kwake wiki hii.